Omo na Tezi: Jinsi ya Kusoma Namba za Upepo Kabla ya Kurusha Ndege ya Simuleta

Mwezi wa Januari, ndege zinazotua Uwanja wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, mara nyingi hutokea kusini-magharibi, zikavuka maji ya Port Reitz kabla ya kugusa lami pale Changamwe. Ikifika Julai mambo hugeuka. Nyingi hutokea upande wa Kisauni, zikapita juu ya mkono wa bahari wa Tudor, na pua zao zinatazama kusini-magharibi. Uwanja ni ule ule na lami ni ile ile. Kaskazi imeondoka, kusi imeshika zamu.

Kijana wa Magongo anayerusha ndege kwenye kompyuta yake hukutana na jambo hilo hilo, ila kwa sura ya namba. Programu za simuleta, kama Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020, X-Plane, au FlightGear ambayo ni ya bure, zinaweza kuchukua hali ya hewa halisi kutoka mtandaoni na kuimwaga juu ya Mombasa ya kwenye kioo. Kabla ya kuruka, wengi huandaa mpango wa safari kwa huduma kama SimBrief, na katikati ya msitu wa herufi hukuta kitu kama M018 au P012. Wengi hupita bila kusimama hapo. Ni hasara, kwa sababu ndiyo namba inayoamua muda na mafuta.

Maana yake ni nyepesi. M ni kutoa: upepo unaipunguzia ndege noti 18 za mwendo. P ni kujumlisha: unaiongezea noti 12. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852. Manahodha wa pwani walikuwa na majina ya vitu hivi karne nyingi kabla ya ndege kubuniwa. Upepo unaokikabili chombo kwenye gubeti ni upepo wa omo, na unaokisukuma kutoka nyuma unatokea tezi. M ni omo, P ni tezi.

Msemaji wa Kiswahili ana heri nyingine ambayo wanafunzi wa urubani wa kwingineko huisotea. Katika urubani, upepo hutajwa kwa mahali unakotoka, wala si unakokwenda, na wageni wengi hukosea hapo. Kwetu jina lenyewe linafundisha: kaskazi inatoka kaskazini, kusi inatoka kusini. Basi taarifa ya hewa ya uwanja ikiandika 04014KT, tarakimu tatu za mwanzo ni upande unakotoka, nyuzi 40, na mbili za mwisho ni nguvu yake, noti 14. Hiyo ni kaskazi kamili.

Lakini 04014 peke yake haisemi kama ni omo au tezi. Upepo hauna mbele wala nyuma mpaka chombo kielekee mahali. Njia kuu ya kurukia ya Moi ina urefu wa mita 3,350 na majina mawili, 03 na 21, kutegemea mwisho upi ndege inauanzia. Anayetumia 03 anaelekea nyuzi 30 hivi, na kaskazi ile inampiga usoni karibu yote, noti 14 kasoro kidogo. Anayetumia 21 anaelekea nyuzi 210, na upepo huo huo unamsukuma mgongoni.

Kusi ina ukorofi wake. Tuseme taarifa ni 15014KT, upepo wa kusini-mashariki. Ukilinganisha na 21, tofauti ni nyuzi 60. Hesabu ya pembe inatoa nusu tu kuwa omo, noti 7, na noti 12 zinakuja ubavuni, kushoto. Msomaji makini atauliza: 7 na 12 ni 19, mbona upepo ulikuwa 14? Ni kwa sababu hivi ni vivuli viwili vya kitu kimoja kilichotazamwa pande mbili, havijumlishwi. Kwa haraka, marubani hukumbuka hivi: tofauti ya nyuzi 30, ubavuni inakwenda nusu ya upepo, nyuzi 45, kama sehemu saba za kumi, nyuzi 60 kwenda juu, ihesabu karibu yote. Cessna 172S, ndege ndogo inayopendwa na wanaoanza, ilithibitishwa na watengenezaji wake katika upepo wa ubavuni wa noti 15. Kwa hiyo 12 si mchezo kwa mtu wa wiki ya kwanza.

Wakati wa kuruka na kutua, omo ni rafiki, kwani ndege hupata hewa ya kutosha juu ya mabawa ikiwa bado inakwenda polepole juu ya lami. Kitabu cha Cessna hiyo hiyo kinasema omo ya noti 9 hupunguza umbali wa kuruka kwa asilimia 10. Tezi ya noti 2 tu huuongeza kwa asilimia 10 hiyo hiyo, na ukomo wa hesabu hiyo ni noti 10. Kwa noti 8 za tezi, umbali umeshaongezeka kwa asilimia 40. Kwenye mita 3,350 za Moi huenda usihisi kitu. Katika njia fupi kama ya Malindi utahisi.

Angani urafiki huo huvunjika, omo ikawa mla mafuta. Kutoka Moi hadi Malindi ni maili 57 za baharini, na njia yake inaelekea nyuzi 32 hivi. Pwani, njia ya kurukia na mkondo wa kaskazi karibu vinafuata mstari mmoja, ndiyo maana Mombasa ni shule nzuri ya somo hili. Ndege ya noti 120 katika hewa tulivu hufika Malindi kwa dakika 28 na nusu, kwenda na kurudi 57. Sasa weka kaskazi ya noti 20. Kwenda, mwendo juu ya ardhi ni noti 100, dakika 34. Kurudi ni noti 140, dakika 24 na ushei. Jumla ni karibu 59.

Upepo ule ule, noti zile zile, na bado safari imerefuka. Ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoiumiza kuliko ndani ya ule unaoisaidia, kwa hiyo kinacholiwa hakirudishwi chote. Upepo ukifika noti 40, jumla inapanda hadi dakika 64. Na upepo wa ubavuni mtupu nao hudai fungu lake: ndege hiyo ikipigwa na noti 40 pembeni, lazima ielekeze pua upande wa upepo ili isipotee njia, na mwendo wake unashuka hadi noti 113.

Historia ya pwani hii ina mfano mzito wa gharama ya omo. Tarehe 24 Aprili 1498, Vasco da Gama aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa na sultani, mtu aliyezijua pepo za msimu. Tarehe 20 Mei alikuwa Calicut. Wakati wa kurudi, pwani ya India aliiacha mapema Oktoba, kabla kaskazi haijakaa sawa. Shwari na pepo za omo zilimshika katikati ya bahari, na pwani ya Afrika hakuiona mpaka tarehe 2 Januari 1499, karibu na Mogadishu. Chini ya mwezi mmoja kwenda, karibu mitatu kurudi. Mabaharia wake wengi walikufa kwa kiseyeye, na kusini ya Mombasa ilibidi achome moja ya meli zake kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Jambo la mwisho, na ndilo huwapoteza wengi, ni kimo. Upepo unaotangazwa na uwanja ni wa karibu na ardhi. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa J. Findlater alichapisha utafiti kuhusu mkondo mkali wa upepo unaovuka mashariki ya Kenya majira ya kusi kuelekea Somalia na Bahari ya Arabu, kama kilomita moja na nusu kutoka usawa wa bahari. Wataalamu huuita kwa jina lake mpaka leo. Noti 25 hadi 50 ni kawaida ndani yake. Kimo hicho, kama futi 5,000, ndicho hasa ndege ndogo hupenda kuruka.

Chukua basi safari ya Julai kutoka Moi kwenda Lamu, maili 133. Uwanja unasema noti 12 za kusi, lakini mpango kwa futi 5,000 unasema P030. Mpango haujakosea: kwa ndege ile ile ya noti 120, ukiwa na tezi ya noti 30 utafika kwa dakika 53. Kurudi kwa kimo kile kile ni dakika 89, na kwa injini inayotumia lita 34 hivi kwa saa, zile dakika 22 zaidi ya hewa tulivu ni kama lita 12 ambazo ni lazima ziwe kwenye tangi. Afadhali uandae mpango wa pili wa kurudi kwa futi 2,000, ulinganishe M mbili, uchague iliyo ndogo. Kisha, ukishapita Kisauni na kuinyoosha ndege kwenye 21, omo ile iliyokula mafuta yako tangu Lamu itakupunguzia mwendo juu ya lami ya Changamwe.