Vyumba vinne vya kupangisha: piga hesabu kabla hujasaini mkopo

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, ile ya "jenga vyumba, wapangaji watakulipia mkopo" tunaisikia sana. Leo tuchukue kalamu.

Tuseme una kiwanja pembezoni mwa Dar, unataka vyumba vinne, kila kimoja elfu 60 kwa mwezi. Vikijaa vyote ni 240,000. Umekopa milioni 15 kumalizia ujenzi, riba asilimia 18 kwa mwaka, miaka mitatu.

Swali ambalo wengi hawaulizi: riba inapigwaje? Ikipigwa kwenye deni lililobaki, rejesho ni kama 542,000 kwa mwezi. Ikipigwa kwenye milioni 15 yote mpaka mwisho, ni kama 642,000. Asilimia ni ileile 18, ila karibu laki nzima imeondoka kila mwezi! Mwombe afisa mikopo akuchapishie ratiba ya marejesho, usitoke bila hiyo karatasi.

Sasa kodi 240,000, rejesho 542,000. Hiyo laki tatu inatoka wapi? Dukani. Ndo ile hela ya mzigo wa Kariakoo. Hata ukiuvuta mkopo mpaka miaka 10, rejesho ni 270,000 hivi. Kodi bado haifiki, na chumba kimoja kikikaa wazi, utajua mwenyewe.

Mimi naona bora uanze na viwili, kwa akiba yako na mkopo mdogo wa SACCOS au VICOBA. Mpangaji akitanguliza kodi ya miezi sita, tenga kwanza marejesho ya miezi hiyo sita. Inayobaki nunua tofali za viwili vinavyofuata. Ndiyo, inachelewa, lakini duka linabaki na mzigo.

Ukiamua benki, wataangalia dhamana na mzunguko wa hela. Hati miliki ndiyo yenye nguvu, baadhi wanapokea leseni ya makazi. Karatasi ya mauziano tu mara nyingi haitoshi.

Kwenye mzunguko ndo sisi wa WhatsApp na Instagram tunakwama. Mteja anatuma kwenye namba yako binafsi, humohumo umelipa luku na ada ya mtoto, nani atajua mauzo ni yapi? Chukua lipa namba ya biashara, wateja wote walipe hapo, hata wale wa elfu tano. Baada ya miezi sita unaomba taarifa ya miamala, unaiweka mezani kwa afisa mikopo pamoja na leseni yako ya biashara na TIN.