Usiku wa Mvua Ziwani: Begi la Njiani Si Begi la Harusi

Mwangalie mwanamke anayefungasha kwa safari ya harusi ukweni, utajua mapema mawazo yake yako wapi. Juu kabisa kuna kitenge cha sare kilichopigwa pasi na kukunjwa vizuri. Chini yake kuna viatu vya kung'aa, gauni la binti lenye malinda, na zawadi ya bibi harusi. Sweta za watoto, kama zipo, ziko chini kabisa. Tena begi lenyewe likifika bandarini hukabidhiwa wapagazi, likaenda kulala kwenye mizigo mpaka asubuhi.

Kwa safari ya basi ya mchana huenda jambo hilo lisilete madhara. Lakini kwa safari ya meli ya usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba wakati wa masika, ni kuhatarisha afya ya watoto. Sisi tulio wauguzi, ambao pia tunawasaidia akina mama kanisani, tumesafiri na makundi ya kwaya na ya akina mama katika ziwa hili. Tumeona watoto waliolala vizuri hadi alfajiri, na tumeona wengine waliotetemeka usiku kucha huku nguo zao nzuri zikiwa zimefungiwa mahali pasipofikika. Mara nyingi haikuwa tofauti ya fedha. Ilikuwa tofauti ya ufungashaji.

Kwa nini ziwani kuna baridi?

Jua la mchana la Mwanza hudanganya. Mama hupanda meli jioni huku akijipepea, asiamini kwamba baada ya saa chache atatafuta blanketi. Tukumbuke kwamba Ziwa Victoria liko juu, karibu mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Usiku, nchi kavu inapopoa, upepo huvuma kutoka pande zote za ufuko kuelekea ziwani. Pepo hizo hukutana katikati, hewa yenye unyevunyevu hupanda juu, na mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo sababu meli inaweza kung'oa nanga chini ya anga yenye nyota, na usiku wa manane ikakuta mvua kubwa.

Bukoba nayo ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi sana Tanzania. Hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza, na mwezi wa Aprili ndio wenye mvua nyingi kuliko yote. Kwa hiyo hata ukivuka ziwa bila kulowa, usishangae kupokewa na mvua gatini.

Adui ni maji kuliko baridi

Joto la usiku ziwani linaweza kushuka hadi nyuzi 17 au 18 za Selsiasi. Mtu mkavu aliyevaa vizuri hustahimili hali hiyo bila shida. Taabu huanza anapolowa. Maji hunyonya joto la mwili upesi sana, kiasi cha mara 25 kuliko hewa, na upepo wa sitahani huongeza kasi hiyo.

Mtoto mchanga yuko hatarini zaidi. Mwili wake ni mdogo lakini ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili. Tena hawezi kutetemeka kama sisi ili ajipashe joto. Akina mama wengi husema baridi huleta nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu, si baridi yenyewe. Lakini kichanga aliyepoa anaweza kuzidiwa hata asipokuwa na nimonia. Kama mtoto ana wiki chache tu tangu azaliwe na safari inaweza kungoja, tunashauri yeye na mama yake wabaki nyumbani. Wenye harusi wataelewa.

Fungasha mabegi mawili

Huu ndio ushauri wetu mkubwa. Begi la harusi liende kwenye mizigo. Begi la njiani likae miguuni pako usiku kucha, uwe umepata chumba chenye vitanda au umeketi daraja la chini. Ndani yake kila mtoto awe na furushi lake, lililofungwa peke yake, ili usifungue nguo za wote ukitafuta soksi za mmoja.

Furushi la mtoto mmoja liwe na:

1. Fulana ya ndani moja na suruali moja, kavu, za kubadilisha.
2. Sweta moja nzito.
3. Jozi mbili za soksi.
4. Mzula, yaani kofia ya sufu inayofunika masikio.
5. Nguo za ndani mbili. Kwa mdogo, nepi za kutosha usiku mzima na nne za akiba.
6. Taulo dogo.

Usisahau kwamba si mvua peke yake inayolowesha. Mawimbi yakichafuka watoto hutapika, wengine hukojoa usingizini. Mtoto aliyetapikiwa na mdogo wake saa nane za usiku anahitaji nguo kavu sawasawa na aliyenyeshewa.

Kwa familia nzima ongeza blanketi moja au mawili, khanga tatu, tochi, pini kubwa za nepi, na chupa ya chai yenye kifuniko kinachokaza. Chai ya moto ni faraja kubwa, lakini meli huyumba. Mimina nusu kikombe tu, wala usimimine ukiwa umempakata mtoto.

Chagua kitambaa

Pamba ni nzuri kwa joto la mchana, lakini ikilowa hushika maji na kung'ang'ania mwilini. Khanga, fulana za pamba na suruali za jinzi ni za namna hiyo. Sufu huendelea kutunza joto kiasi hata ikiwa na unyevu. Zile sweta laini zenye manyoya mafupi, zilizofumwa kwa nyuzi za polyester, hazishiki maji mengi na hukauka upesi. Huhitaji kwenda duka la ghali. Katika mitumba ya Mlango Mmoja pale Mwanza, au mnada wowote ulio karibu nawe, soma kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya ukosi; huandikwa nguo imetengenezwa kwa kitu gani.

Vaa nguo kwa tabaka: ya kwanza nyepesi, inayogusa ngozi, ya pili sweta, ya tatu koti la mvua linalozuia upepo na maji. Nguo tatu nyepesi zinapashana joto kuliko koti moja zito, na joto likizidi unaweza kupunguza moja. Kabla ya kununua koti la mvua, lijaribu juu ya sweta, si juu ya blauzi.

Kuna jambo ambalo akina mama wengine hulionea haya: suruali. Tunawashauri mvae suruali ya kubana au soksi ndefu nzito ndani ya gauni. Kitenge kilicholowa hunata miguuni, na kwenye ngazi nyembamba za meli kinaweza kukuangusha ukiwa na mtoto mkononi. Gauni la heshima litabaki juu, na hakuna atakayeuliza kilicho chini yake.

Viatu viwe raba au makubazi yenye kamba ya nyuma. Ndala huteleza kwenye sakafu yenye maji. Buti za mpira zinafaa kwa matope ya nchi kavu, ila ndani ya meli ni nzito na zinaweza kujaa maji.

Kuziweka nguo zikavu

Zamani tulitumia mifuko ya rambo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Badala yake tumia ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Mafurushi ya watoto watatu huingia humo bila shida. Mvua ikinyesha hayalowi, na zile nguo zitakazolowa usiku utazitia humo baada ya kutoa kavu. Ukifika, ndoo ni ya kazi jikoni kwa mama mkwe. Asiye na ndoo akunje nguo ndani ya kipande cha turubai.

Nguo na jaketi okozi

Hatuwezi kusema juu ya safari za ziwani tukanyamaza kuhusu tarehe 21 Mei 1996, siku ambayo MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikapoteza watu zaidi ya 800. Baadhi yao walizikwa Igoma. Tena tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Hatusemi haya kuwatisha. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020, na watu wengi wamefurahia kuvuka nayo tena. Lakini mama mwenye busara huuliza mambo matatu kabla watoto hawajalala: jaketi okozi ziko wapi, za watoto ziko wapi, na zinafungwaje.

Mvalishe mtoto jaketi mara moja kwa kujaribu, juu ya sweta lake, ukaze kamba. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, omba dogo. Jaketi huvaliwa juu ya nguo za joto, wala koti zito lisivaliwe juu ya jaketi. Mtoto mchanga asifichwe ndani ya jaketi la mama, wala asifungwe mgongoni kwa khanga huku mama amevaa jaketi. Waulize wahudumu mapema wana jaketi gani kwa watoto wachanga. Skafu ndefu na kamba za shingoni usimvalishe mtoto mdogo anayelala, mzula unatosha.

Mama naye ni abiria

Tumeona jambo hili mara nyingi kuliko yote. Mvua inapoingia, mama huvua khanga yake akamfunika wa kwanza, huvua sweta akamfunika wa pili, kisha huketi na blauzi iliyolowa akimnyonyesha wa tatu. Watu humsifu kwa upendo wake. Lakini mtoto anayenyonya hupata joto lake kutoka kifuani mwa mama. Mama akipoa, mtoto naye hupoa. Kwa hiyo furushi la kwanza kufungashwa liwe la mama: sweta lake, soksi zake, mzula wake na blauzi kavu inayofunguka mbele. Kufanya hivyo si uchoyo. Ni sehemu ya malezi.

Na baba kama yupo, naye abebe furushi lake mwenyewe na la mtoto mmoja.

Dalili za kuangalia

Usipime baridi ya mtoto kwa viganja vyake, maana vinaweza kuwa baridi hata akiwa mzima. Gusa tumbo na kifua. Vikiwa baridi, mtoto amepoa. Mtoto aliyepoa sana hunyamaza, hulegea, hanyonyi vizuri, na aliyekuwa akitetemeka anaweza kuacha kutetemeka kabla hajapata joto. Kichanga anaweza hata kuwa na ngozi nyekundu ukadhani ana afya. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 ni hatari kwa mtu wa umri wowote.

Fanya hivi: mvue nguo zote zenye maji, mkaushe, mvalishe mzula na nepi kavu, mweke kifuani pako ngozi kwa ngozi, kisha mfunike pamoja nawe kwa sweta na blanketi. Mnyonyeshe. Mkubwa aliye macho apewe kinywaji cha moto kiasi chenye sukari. Usimsugue kwa nguvu, usimwekee chupa ya maji ya moto juu ya ngozi, wala mtu mzima asipewe pombe ili apate joto. Pombe huongeza kupotea kwa joto. Waite wahudumu wa meli, na mkifika mpelekeni mgonjwa kituo cha afya kabla ya kwenda kwa wenyeji.

Usiku mmoja kabla ya kuondoka

Kazi ya mwisho ifanyike nyumbani. Weka begi la njiani na ndoo sakafuni, zima taa, kisha jaribu kutoa furushi la mtoto mdogo kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umembeba. Kama umelipata bila kuvuruga mengine, umefungasha vizuri. Kama hukulipata, panga upya. Kisha ulizia bandarini saa ya kuondoka, maana ratiba hubadilika, na sikiliza utabiri wa hali ya hewa.

Vitenge vya sare vitawangojea kwenye mizigo. Mkishuka Bukoba, ombeni chumba kwa wenyeji, waogesheni watoto kwa maji ya moto, ndipo mvae vya harusi. Tunawatakia safari njema.