Konyagi, Brandi na Nipa

Mfasiri akutanaye na jina la Kifaransa Cognac hudhani kazi yake ni nyepesi, kwa kuwa Kiswahili tayari kina neno konyagi. Hapo ndipo penye mtego. Neno hilo lilitokana na jina la Kifaransa, lakini Mtanzania alitajapo leo humaanisha pombe nyeupe ya kiwanda cha Dar es Salaam, isiyotokana na zabibu. Tumeona inafaa kukieleza kitu chenyewe kabla ya kuligombania jina lake. Kwa mfano wa karibu tutakwenda Nachingwea na Ruangwa, ambako jamaa wa kweli wa pombe hiyo ya Kifaransa hupikwa kwa mabibo.

Cognac ni mji ulioko kwenye bonde la mto Charente, magharibi mwa Ufaransa. Huko zabibu nyeupe hukamuliwa, na maji yake huachwa yachachuke hata yawe divai nyepesi yenye ukakasi. Divai hiyo hukenekwa mara mbili katika mtambo wa shaba. Kukeneka ni kuchemsha kimiminika na kuupoza mvuke wake hata urudi kuwa maji. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na maji kwenye 100, kwa hiyo alkoholi hutangulia kupanda. Katika mkeneko wa pili, matone ya kwanza na ya mwisho hutengwa, ya katikati yakahifadhiwa. Kisha pombe hulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka miwili, na humo ndimo ipatamo rangi na harufu yake. Mipaka ya eneo la Cognac iliwekwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1909. Brandi itokayo nje ya mipaka hiyo, hata ikitengenezwa vivyo hivyo, haina haki ya jina hilo.

Sasa tuje kwetu. Mkorosho huzaa korosho, ambayo hupelekwa ghalani na kuuzwa, na bibo, ambalo huharibika baada ya siku moja au mbili. Mabibo hukamuliwa, na maji yake yakichachuka huitwa uraka. Mengine huanikwa juani yakawa kochoko, ambayo huweza kulowekwa hata baada ya msimu kupita. Uraka au maji ya kochoko yakichemshwa, na mvuke ukapitishwa kwenye mrija uliopozwa kwa maji, hupatikana nipa, ambayo sehemu nyingi za nchi huiita gongo. Msomaji ataona kwamba hatua ni zile zile: tunda, divai ya tunda, mvuke. Kwa kanuni ya utengenezaji, nipa ni brandi ya mabibo, na konyagi yenye jina la Kifaransa si brandi kabisa. Zinazokosekana ni shaba, mwaloni na ukaguzi. Na la ukaguzi si dogo, maana pombe isiyopimwa imekwisha kuua watu. Huko Goa, India, pombe ya mabibo iitwayo feni ilisajiliwa mwaka 2009 kuwa jina la mahali, kama Cognac. Wagoa wana pia urrak, lakini mfasiri asidanganywe na mlio: hiyo imekwisha kukenekwa mara moja, uraka haujakenekwa.

Tofauti hiyo ina uzito mahakamani. Sheria ya mwaka 1966 huita pombe iliyokenekwa kienyeji moshi, na kuitengeneza bila leseni ni kosa. Karani aandikapo tu kwamba mshtakiwa alikutwa na “pombe ya mabibo” hajasema lolote, kwani uraka na nipa zote ni pombe za mabibo, na moja tu ndiyo moshi. Aandike jina alilolitaja shahidi, kisha aeleze kama ilikenekwa.

Kwa hiyo twapendekeza Cognac libaki kwa tahajia yake ya Kifaransa. Brandi liwe jina la jumla, likifuatwa na jina la tunda. Na konyagi liachiwe maana liliyopewa na wanywaji. Mvinyo hatulipendekezi kwa brandi, maana limetumika kwa divai na kwa pombe kali pia, na msomaji wa hati hatajua ni ipi iliyokusudiwa.