Kabla ya Kuhesabu Saa: Utangulizi

Anayeingia katika taaluma hii ya utafiti wa gemu kwa mara ya kwanza huja na swali lake tayari: je, gemu zinawaharibu vijana wetu? Wazazi wanauliza hivyo, walimu wanauliza hivyo, na waandishi wa habari wanataka jibu kabla ya taarifa ya saa mbili usiku. Kitabu hiki kinamkaribisha mwenye swali hilo, ila kinamwomba aliweke kando kidogo. Watafiti wamelihangaikia kwa miaka mingi, na wengi wao sasa wanakubali kwamba tatizo lilianzia kwenye kipimo. Tulikimbilia kuhesabu saa kabla ya kujua ndani ya saa hizo mna nini.

Ingia katika kibanda chochote cha gemu mitaa ya Dar es Salaam au Nairobi. Kuna televisheni moja, mashine moja, padi mbili na benchi lililojaa. Mchezo ni wa mpira. Wengi bado wanauita FIFA ingawa watengenezaji waliliacha jina hilo mwaka 2023. Malipo ni kwa mechi, na aliyefungwa anampisha anayefuata. Wawili wanacheza, sita wanatazama, wanabishana na kumzomea aliyekosa penalti. Kijana aliyekaa hapo tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni huenda ameshika padi kwa dakika 20 tu. Mpe hojaji inayomuuliza anacheza gemu saa ngapi kwa siku. Ajibu nini? Mwenzake aliyejifungia chumbani usiku wa manane na simu ya mama yake, akicheza peke yake mpaka bando linakata, naye ataandika saa tatu. Katika jedwali la mtafiti, hao wawili wanafanana kabisa.

Hilo si tatizo la Afrika Mashariki peke yake. Mwaka 2021, Douglas Parry na wenzake walikusanya tafiti zilizolinganisha maelezo ya watu kuhusu matumizi yao ya vyombo vya kidijitali na rekodi za vyombo vyenyewe. Uhusiano ulikuwa wa wastani tu, na ni wachache walioweza kutaja muda wao kwa usahihi. Sasa fikiria ni makala ngapi za kutisha zilizojengwa juu ya maelezo ya namna hiyo.

Kazi iliyonifundisha kusoma takwimu za uwanja huu kwa utulivu ni ile ya Amy Orben na Andrew Przybylski, wakiwa Oxford, iliyotoka mwaka 2019. Walichukua taarifa za vijana 355,358 wa Uingereza na Marekani, wakazichambua kwa kila njia ambayo mtafiti mwenye akili timamu angeweza kuchagua, badala ya kuchagua moja inayopendeza. Matumizi ya teknolojia yaliambatana na ustawi mdogo zaidi, lakini yalieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti kati ya kijana na kijana. Katika data hizohizo, kula viazi kulikaribia kuwa na uhusiano mbaya kama huo, na kuvaa miwani kuliuzidi. Kuonewa na wenzao kulikuwa na uhusiano mbaya zaidi ya mara nne. Kulala vya kutosha na kula kifungua kinywa kulikwenda sambamba na hali njema, kwa nguvu kuliko vile skrini zilivyokwenda na hali mbaya.

Msomaji asikimbie na viazi hivyo akitangaza kwamba skrini hazina neno. Wastani wa mamia ya maelfu huweza kumficha kijana anayezama na mwingine anayeokolewa, na uwiano hausemi kipi kilianza. Mwenye sonona hukimbilia gemu. Je, gemu ndiyo iliyomletea sonona? Ili kulijua hilo, inabidi mashine zigawiwe watu kwa bahati nasibu, jambo ambalo hakuna serikali ingelifadhili.

Japani lilitokea lenyewe. Wakati wa janga la korona, mashine za Nintendo Switch na PlayStation 5 ziliadimika hata wauzaji wakaanza kuchezesha bahati nasibu ya haki ya kununua. Hiroyuki Egami na wenzake waliona fursa hiyo. Walitumia madodoso ya watu 97,602 wa umri wa miaka 10 hadi 69, yaliyojazwa kati ya 2020 na 2022, wakawalinganisha walioshinda na walioshindwa. Kwa kuwa kura haijui nani ana huzuni na nani hana, tofauti iliyojitokeza baadaye inaweza kuhusishwa na mashine yenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kuipata kulipunguza dhiki ya kisaikolojia na kucheza kuliongeza ustawi, ingawa faida ilififia kwa waliopitisha saa tatu kwa siku. Ni Japani, ni wakati wa janga, na wahojiwa wengi si watoto. Hata hivyo, kama kuna utafiti mmoja ambao ningemtaka mwanafunzi wangu ausome mara mbili, ni huu.

Ugonjwa wa uraibu wa gemu upo, na wanaoupata huumia kweli. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, linautambua. Soma masharti yake: hayana idadi ya saa. Yanatazama kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya shughuli nyingine za maisha, na kuendelea hata madhara yakishaonekana. Kwa kawaida hali iwe imedumu miezi 12, na iwe imevuruga familia, masomo au kazi. Kwa kipimo hicho, watoto wengi wanaoitwa waraibu sebuleni kwetu ni watoto wanaopenda kucheza na hawapendi kuosha vyombo.

Katika orodha hiyohiyo, jirani wa karibu wa ugonjwa huo ni kamari. Hapa ndipo nadhani nchi zetu zina la kuifundisha dunia. Ulaya walishituka na masanduku ya bahati, yale ambayo mchezaji huyalipia bila kujua atakuta nini ndani. Ubelgiji iliyatangaza kuwa kamari mwaka 2018. Kwetu njia mara nyingi ni fupi zaidi. Kijana anabeti kwenye simu ileile anayochezea gemu, pesa inatoka kwenye simu hiyohiyo, na kindege cha kamari kinachopaa kwenye skrini mpaka kitoweke kina sura na milio ya gemu ya watoto. Mtafiti anayeandika “muda wa skrini” ameichanganya mechi ya kibandani na nauli ya shule iliyopotea.

Serikali nazo hupenda saa, maana saa ni rahisi kuziamuru. Korea Kusini iliwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia usiku wa manane hadi saa 12 asubuhi tangu 2011, kisha ikaifuta sheria hiyo baada ya miaka kumi. China ilibana muda wa watoto mwaka 2019, na mwaka 2021 ikakaza zaidi: saa moja tu jioni za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Watafiti waliopitia rekodi za takriban saa bilioni 7 za uchezaji hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba amri ya 2019 ilipunguza uchezaji wa kupindukia.

Kazi inayomsubiri mwanafunzi wa kwetu ni kubwa na ya kuvutia. Rekodi za seva, zinazosifiwa Ulaya, zinaijua akaunti. Hazijui kama akaunti hiyo leo imeshikwa na kaka, dada au binamu aliyekuja likizo. Atakayebuni njia ya kuwatenganisha watumiaji wa simu moja atasomwa mbali sana na hapa. Sura ya kwanza inaanza na usingizi, kwa sababu unaweza kufuatiliwa hata kwa daftari na kalamu, na kwa sababu kijana mwenye simu ya kuazima huipata wenyewe wakishalala.