Kusahihisha rekodi mbaya ya mkopo

Rekodi ya mkopo ni kumbukumbu ya jinsi mtu alivyokopa na alivyolipa. Nchini Kongo, benki hupeleka taarifa hizo kwenye Centrale des Risques, inayosimamiwa na Benki Kuu ya Kongo, na wakopeshaji huzitazama kabla ya kukubali ombi jipya. Hivyo kosa la karani mmoja wa Bunia linaweza kumfuata mfanyabiashara hadi Kisangani au Kinshasa.

Makosa yenyewe ni ya namna tatu hasa. Deni lililokwisha kulipwa huendelea kuonekana kana kwamba bado linadaiwa. Kiasi huandikwa vibaya, kwa mfano franga kuandikwa kama dola. Tena watu wawili huchanganywa: Wakongo wengi wana jina, postnom (jina linalolifuata) na prénom (jina la kupewa), na mpangilio ukibadilika kati ya kadi ya mpiga kura na mkataba, deni la mmoja humwangukia mwingine.

Marekebisho huanzia kwa mkopeshaji aliyetoa taarifa, kwa sababu daftari la deni liko kwake. Mkopaji huomba kwa maandishi hesabu kamili ya mkopo wake, kisha huilinganisha na mkataba na bodero (stakabadhi) za malipo. Barua ya malalamiko hutaja kosa moja moja, tarehe na kiasi, na huambatanishwa na nakala za ushahidi. Nakala ya barua hiyo hupigwa muhuri wa mapokezi na kubaki mikononi mwa mkopaji. Asipojibiwa, huyapeleka malalamiko kwa Benki Kuu, inayosimamia benki, koopeki (vyama vya akiba na mikopo) na mashirika ya mikopo midogo. Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 nayo inampa kila mtu haki ya kuziona taarifa zake na kudai zirekebishwe.

Deni la kweli halifutwi kwa barua. Dawa yake ni kulilipa, au kupatana na mkopeshaji juu ya ratiba mpya, kisha kudai hati ya kumaliza deni. Anayetoza pesa kwa ahadi ya kulifuta ni tapeli.

Mkoa wa Ituri, uliko mji wa Bunia, una shida yake ya ziada: vita vimewakimbiza wengi kutoka Djugu na Irumu, na karatasi zimeteketea pamoja na nyumba. Kwa hiyo kila bodero ipigwe picha siku ile ile ya malipo, na nakala iwekwe kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Bila ushahidi wa malipo, neno la mkopaji halina uzito mbele ya daftari la benki.