Dhahabu Aliyoirithi Mtoto: Iuzwe au Ihifadhiwe?

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyelelewa hali ya kuwa yatima, pamoja na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mara nyingi mwanamke wa Kiislamu katika miji yetu anapofariki, mali kubwa anayoiacha ni dhahabu: bangili, mikufu, vipuli na pete alizopewa mahari au alizojinunulia kidogo kidogo. Watoto wakiwa wadogo, hapo ndipo mvutano unapoanza. Baba husema iuzwe, watoto wana mahitaji. Bibi mzaa mama husema vya mama ni vya binti, viwekwe mpaka aolewe. Kila upande unadai kumtakia mtoto kheri, na maimamu huulizwa: sheria inasemaje?

Kwanza: Dhahabu ni ya nani?

Kabla ya kuuliza iuzwe au iwekwe, yatupasa tujue ni ya nani. Kauli ya kuwa vyombo vya mama ni vya binti ni ada, wala si hukumu. Dhahabu ya maiti ni mirathi kama mali yake nyingine. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, hugawiwa warithi wote. Haitoki humo ila ile ambayo mama alimpa bintiye zawadi akiwa hai na mzima, ikakabidhiwa, na ushahidi ukapatikana.

Tuchukue mfano. Mwanamke ameacha gramu 360 za dhahabu ya karati 21. Warithi wake ni mume, mama yake mzazi, mtoto mmoja wa kiume wa miaka mitano na mmoja wa kike. Mume ana robo, gramu 90. Mama ana sudusi, gramu 60. Zinabaki gramu 210, mtoto wa kiume apate 140 na wa kike 70. Kila fungu lipimwe kwa mizani na liandikwe kwa jina la mwenyewe. Baba akichanganya mafungu ya wanawe na lake asijue lipi ni lipi, amekwisha kuharibu amana kabla hata ya kuuza.

Pili: Ni nani mwenye kauli?

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, walii wa mali ya mtoto ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyeteuliwa nao, kisha kadhi. Mama na bibi wana haki kubwa ya malezi, lakini kwa kauli iliyo mashuhuri hawana usimamizi wa mali ila wakiteuliwa. Ikidhihiri kuwa baba anaiteketeza mali ya wanawe, bibi asiifiche dhahabu kwa siri, bali apeleke shauri kwa kadhi. Kenya na Zanzibar ziko Mahakama za Kadhi, na Zanzibar iko pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Wako akina baba wanaojitetea kwa Hadithi inayoeleza kuwa mtu na mali yake ni vya baba yake. Jamhuri ya wanavyuoni wameifahamu kuwa ni katika wema na matunzo, si katika umiliki. Dalili yao ni kwamba mtoto akifa na kuacha mtoto wa kiume, baba yake hurithi sudusi tu. Lau mali ingekuwa yake, angeichukua yote.

Tatu: Kipimo ni maslahi ya mtoto

Qur'ani Tukufu, katika Suratul An'aam aya ya 152, inakataza kuigusa mali ya yatima isipokuwa kwa lile lenye manufaa zaidi kwake. Ni kweli kwamba yatima kisheria ni aliyefiwa na baba, lakini wanavyuoni wameweka sharti la maslahi kwa kila walii, hata baba. Basi swali si "familia ina shida gani?" bali "mtoto huyu atafaidika nini?"

Mfano bora umo katika nyumba ya Bibi Aisha (r.a.). Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Bibi Aisha aliwalea mayatima wa ndugu yake. Al-Qasim bin Muhammad na nduguye walikuwa na mali, naye akiitolea zaka. Mabinti wa ndugu yake walikuwa na mapambo, akawaachia mapambo yao wala hakuyatolea zaka. Vilevile imepokewa kwamba mali za mayatima waliokuwa mikononi mwake akiwapa watu wawafanyie biashara. Mlezi ni mmoja, lakini kila mali aliitazama kwa hali yake. Pambo linalovaliwa liliachwa, na mali iliyofaa kukuzwa ikakuzwa.

Nne: Tupige hesabu

Turudi kwenye mfano wetu. Nisabu ya dhahabu ni mithqali 20, ambazo wengi wa wanavyuoni wa zama hizi wamezikadiria kuwa gramu 85 za dhahabu safi. Karati 21 ni asilimia 87.5 ya dhahabu safi.

Fungu la binti, gramu 70, lina dhahabu safi gramu 61.25. Halifiki nisabu, iwapo hana mali nyingine ya kujumlishwa nalo. Naye atavaa, na katika madhehebu yetu pambo la halali linalovaliwa halina zaka. Tena likiuzwa, sonara hununua kwa uzito tu na ujira wa ufundi unapotea. Akitaka jingine ukubwani ataulipa upya. Basi asili ya fungu la binti ni kuhifadhiwa, isipokuwa itokee haja ya kweli kama matibabu.

Fungu la mvulana ni tofauti. Wako walioruhusu mtoto mdogo wa kiume kuvalishwa dhahabu, lakini ruhusa hiyo inakoma akibaleghe. Kwake yeye bangili hizo ni akiba tu, na akiba ina zaka. Gramu 140 zina dhahabu safi gramu 122.5. Zikikaa sandukuni miaka 10 ya Hijria, zikitolewa asilimia 2.5 kila mwaka, zitabaki gramu 95 hivi. Gramu 27 zimekwenda. Ndiyo maana imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alihimiza mali za mayatima zifanyiwe biashara zisije zikaliwa na zaka. Wanaofuata madhehebu ya Hanafi hawawajibishi zaka katika mali hizo za mtoto. Hata hivyo, kwao pia mali iliyolala haizai.

Lakini ndugu msomaji, tusifahamu kuwa kuuza tu ndiyo maslahi. Noti zikiwekwa kabatini nazo zina zaka, na thamani yake hushuka. Walii asiuze mpaka ajue fedha inakwenda wapi. Wanavyuoni wa Kishafii wamependelea kumnunulia mtoto ardhi au nyumba ya kodi kuliko biashara, kwa kuwa haipotei upesi. Hati iwe kwa jina la mtoto. Asipopata pa kuiweka fedha kwa amani, dhahabu ibaki dhahabu.

Tano: Adabu za kuuza

1. Apate bei kwa masonara zaidi ya mmoja, na vito vipimwe mbali na dhahabu. Siku ya Khaybar, Fadhala bin Ubayd (r.a.) alinunua kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipovitenganisha alikuta dhahabu peke yake inazidi dinari hizo, na Mtume (S.A.W.) akakataza kisiuzwe mpaka kitenganishwe.

2. Malipo yawe mkono kwa mkono, kwani noti zina hukumu ya riba kama dhahabu kwa wanavyuoni wengi wa leo. Kubadilisha dhahabu kuukuu kwa mpya na kuongeza fedha ni riba. Auze kwanza, apokee fedha, kisha anunue.

3. Wasii asijiuzie mwenyewe. Asiiweke rahani kwa deni lake, wala asiazime bangili za mtoto kwa bibi harusi wa jirani.

4. Fedha ikitumika kwa karo au chakula cha mtoto mwenyewe, inajuzu, maana mtoto mwenye mali matumizi yake hutoka katika mali yake. Lakini iandikwe, na asilishwe nayo mwingine.

Mwisho, Suratun Nisaa aya ya 6 imeamrisha mtoto ajaribiwe. Akibaleghe na ukaonekana uongofu katika mali, akabidhiwe mbele ya mashahidi. Siku hiyo daftari litasomwa: gramu ngapi ziliingia, ngapi zimetoka, na kwa sababu gani. Na aya ya 10 ya sura hiyo inatukumbusha kwamba anayekula mali ya yatima kwa dhulma anajaza moto tumboni mwake. Walii aandike leo kile atakachoweza kukisoma siku hiyo bila kuinamisha kichwa.

Wallahu a'lam.