Gemu Inayokufa Saa Tisa Alasiri

Mpwa wangu alinunua laptopu yake Eastleigh, Nairobi, mtumba wa ng'ambo ulioonekana umetunzwa vizuri, na pale dukani aliichezesha gemu ya kandanda karibu saa nzima bila kasoro. Akaifunga kwenye shuka, akapanda basi la usiku kupitia Thika na Mwingi, akavuka daraja la Tana kukipambazuka. Siku ya pili, nyumbani Bulla Iftin, mjini Garissa, mambo yakaharibika. Dakika kama ishirini za mchezo, wachezaji wanaanza kukwama-kwama, feni inavuma kwa nguvu zake zote, kisha giza. "Abti," yaani mjomba, "wamenipiga," aliniambia kwenye simu.

Nilimsihi asirudi Nairobi kugombana na mtu kabla hatujajua mashine inakufa kifo gani.

Maana hazifi kwa namna moja. Kuna gemu inayotoweka peke yake ikakuacha ukitazama skrini ya kawaida, na programu nyingine zote ziko hai. Hapo mshuku gemu yenyewe kwanza: faili lililoharibika likipakuliwa kwa bando la kuungaunga, draiva ya picha iliyopitwa na wakati, au kumbukumbu isiyotosha. Kuna skrini ya buluu (nyeusi kwenye matoleo mapya ya Windows) yenye maandishi meupe. Hiyo ni Windows inakiri kwamba imekutana na kosa isiloweza kulivuka, na mara nyingi chanzo ni draiva au chipu za kumbukumbu. Halafu kuna kuzimika ghafla kama taa, bila neno. Ya mpwa wangu ilikuwa hiyo ya tatu.

Nikamuuliza swali moja zaidi: ukiiwasha papo hapo na kuendelea kucheza, inadumu muda gani? "Dakika tano hivi, abti."

Jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko yote aliyokuwa amenieleza. Kosa la programu kwa kawaida halichoki wala halipumziki. Hurudi pale pale, kwenye uwanja ule ule au hatua ile ile ya mchezo, uwe umecheza asubuhi au usiku. Joto ndilo linalojilimbikiza. Mashine iliyopoa ina akiba ya dakika ishirini kabla ya kufika kikomo. Iliyozimika sasa hivi bado imebeba moto wake, kwa hiyo inafika upesi.

Tulifungua pia kumbukumbu za matukio za Windows. Kila mzimiko ulikuwa umeandikwa Kernel-Power, namba 41. Nimewaona mafundi wakiikuta namba hiyo wakadhani wameupata ugonjwa, wakabadilisha betri, wakabadilisha chaja, mteja akalipa na tatizo likabaki. Namba 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Ni cheti cha kifo kisichotaja sababu.

Basi nikampa daftari. Achague mechi moja, timu zile zile, uwanja ule ule, picha kwa kiwango kile kile. Acheze baada ya sala ya alfajiri, kisha saa tisa alasiri, aandike dakika, na asibadilishe kitu kingine chochote kwa siku tatu. Alfajiri laptopu ilivuka saa nzima siku zote tatu. Alasiri haikuvuka dakika 22 hata mara moja.

Basi mshukiwa alikuwa joto, na joto hilo huanzia zaidi kwenye prosesa, kipande cha silikoni kinachokaribia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ili uone kazi iliyopo, chukua pasi ya umeme ya wati 1,000 yenye bapa la takriban sentimita za mraba 250. Kila sentimita ya mraba hutoa wati 4. Sasa chukua prosesa ya laptopu ya gemu inayokula wati 45 kwenye sentimita mbili za mraba: kila moja hutoa zaidi ya wati 22. Eneo kwa eneo, chipu inamwaga joto mara tano na zaidi ya pasi inayonyoosha kanzu, na joto lote hilo lazima litoke nje kupitia tundu la ubavuni.

Na litatokaje? Joto hufuata mteremko kama maji: hutoka penye moto kwenda penye baridi, na kasi yake hutegemea ukali wa mteremko. Feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuleta hewa ya chumbani, jinsi ilivyo. Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo cha karibu digrii 100 za Selsiasi. Katika chumba cha digrii 20 kama kile cha Eastleigh, mteremko ni digrii 80. Garissa iko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na alasiri ya Machi chumba chenye paa la mabati kinafika digrii 38 bila shida. Mteremko umebaki 62. Zaidi ya sehemu moja kati ya tano ya uwezo wa kupoza imeshapotea kabla hujabonyeza kitufe.

Kibaya zaidi, silikoni yenyewe ikipata moto huvujisha umeme, hata kwenye swichi zake zilizozimwa, na umeme huo unaovuja hugeuka joto tena. Kwa hiyo prosesa hujilinda. Kwanza inapunguza mwendo, ndiyo maana wachezaji walikuwa wakikwama-kwama. Ikishindwa, inakata umeme wote. Na si prosesa peke yake inayoumizwa na joto: silikoni iyo hiyo imetandazwa nje ya mji, kwenye mtambo wa sola wa Garissa wa takriban megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019. Paneli za aina hiyo hupimwa uwezo zikiwa na digrii 25, na kila digrii inayozidi hupunguza takriban asilimia 0.4. Paneli iliyofika digrii 60 imepoteza kama asilimia 14. Jua linalozilisha ndilo linalozinyima.

Watengenezaji wengi wa laptopu huandika katika vijitabu vyao kwamba mashine itumike kwenye hewa isiyozidi digrii 35. Sentensi hiyo inaniuma. Kwa Garissa, Wajir na Mandera ina maana kwamba kwa sehemu kubwa ya msimu wa joto, kila alasiri, mashine hizi zinafanya kazi nje ya mipaka ziliyowekewa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa anayeandika tasnifu, kijana wa Hagadera au Dagahaley kule Dadaab anayejifunza kuhariri video, wote wanatumia chombo kilichofikiriwa kwa chumba cha watu wengine. Gemu huonyesha udhaifu huo mapema tu, kwa sababu ni kazi chache za nyumbani zinazoichosha prosesa na chipu ya picha kwa pamoja kama gemu.

Hali ya hewa hatungeweza kuibadilisha. Tukampelekea fundi laptopu aifungue. Feni ilionekana safi kwa nje, ila nyuma yake, pale inapopulizia mapezi membamba ya shaba, vumbi la miaka lilikuwa limeshikana na nyuzi za zulia likawa kama kipande cha blanketi. Hewa haikuwa na pa kupita. Fundi alichomoa waya wa betri kwanza, akaishika feni kwa kidole isizunguke, akalitoa blanketi lile kwa brashi laini. Pampu ya watu wa pancha haifai kwa kazi hii: hewa yake huja na maji, na nguvu yake huweza kuvunja mabawa ya feni. Ile pasta ya kijivu inayopitisha joto kati ya prosesa na shaba ilikuwa imekauka kama chaki. Aliifuta kwa spiriti akaweka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Dawa ya meno haiwi badala yake, kwa sababu hukauka baada ya muda mfupi. Wala usiiweke laptopu kwenye friji. Ukiitoa kwenye hewa ya Garissa, unyevu utajikusanya ndani yake kama kwenye chupa ya soda.

Hapo ndipo mpwa wangu alipoona mirija bapa ya shaba akauliza ina kazi gani. Nikaanzia kwenye mtungi, unaojulikana kila nyumba ya kwetu: maji yanachuja kwenye udongo, yanakauka nje, na yakikauka huondoka na joto, maji ya ndani yanapoa. Ndani ya mrija ule mna tone la maji lililofungiwa pasipo hewa, kwa hiyo huchemka kwa joto dogo. Linageuka mvuke upande wa prosesa, linakimbia hadi kwenye mapezi, linapoa na kuwa maji tena, kisha linarudi kwa kunyonywa na utambi wa ndani. Mtungi unapoteza maji yake. Mrija unayatumia yale yale miaka na miaka. George Grover na wenzake wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walionyesha mrija wa namna hiyo mwaka 1963, na vyombo vya angani vikautumia kabla haujaingia kwenye laptopu.

Baada ya usafi, alasiri ilifika dakika 50. Halafu tukabadilisha kitu kimoja kimoja. Laptopu ilitoka kwenye godoro ikawekwa mezani juu ya vipande viwili vya mbao ili tumbo lake lipumue. Picha zikapunguzwa kutoka 60 kwa sekunde hadi 30. Mwisho, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa kikawekwa asilimia 99 badala ya 100, jambo linalozifanya prosesa nyingi ziache mbio zao za ziada. Saa tisa alasiri, mechi tatu mfululizo zikaisha.

Sisemi kila laptopu inayozimika Garissa imezidiwa na joto. Betri iliyochoka huizima laptopu vivyo hivyo stima ikikatika hata kwa nukta moja, na tofauti utaiona taa ya chumbani ikipepesa wakati ule ule. Na ujumbe wa skrini si wa kuaminiwa kila mara. Mwaka 2023 na 2024, wachezaji wa kompyuta za mezani zenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 waliambiwa na gemu zao kwamba kumbukumbu ya picha imekwisha. Haikuwa imekwisha. Prosesa zilikuwa zikipata volteji ya juu kupita kiasi na kuchakaa polepole, na Intel ikalazimika kutoa marekebisho na kuongeza miaka miwili ya dhamana.

Wiki iliyopita jirani alileta laptopu yake, gemu inafungika. Niliposhika bisibisi mpwa wangu alinizuia, akamuuliza mwenzake inafungika wapi na saa ngapi. Ilikuwa kila mara kwenye uwanja mmoja, usiku au mchana, na skrini ya kawaida inabaki. Akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika hayo, akaanza kukagua mafaili ya gemu.